Acha Yatuame, Alisema Mkamua Mafuta

Katika nyumba ya mkamua mafuta, doa si habari. Kila nguo ina lake. La alizeti huacha manjano hafifu. La ufuta hunukia hata baada ya kufuliwa. La mbegu za maboga ni kijani kilichoiva mpaka kikakaribia weusi, na hilo halitoki, ufue kwa sabuni upendayo. Bi Chujio alikuwa amezifua nguo za mumewe tangu alipoolewa, na akishika suruali angeweza kukuambia juzi walikamua nini.

Kwa hiyo asubuhi ile alipoona doa mbele ya suruali ya kazi, chini kidogo ya zipu, hakushtuka. Aliianika juani kwanza, kwa kuwa doa la mafuta likipata joto hulainika na sabuni huliingia. Akaenda kupepeta ufuta. Aliporudi, doa lilikuwa limekauka. Limebaki na ukingo mweupe, kama chumvi.

Doa la mafuta halikauki juani, hata mtoto wa nyumba ile alilijua hilo. Bi Chujio aliinua suruali akainusa, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikuwa ameinusa harufu ile zamani, kwenye shuka za baba mkwe wake. Mzee yule naye alikuwa mkamua mafuta, na mashine waliyokuwa nayo ilikuwa yake. Alianza kwa kuamka usiku mara kwa mara, akaingia kwenye kusimama chooni muda mrefu akijikamua matone, kisha siku moja mkojo ukafunga kabisa. Walipomfikisha hospitali, figo zilikuwa zimekwisha choka, na daktari wa wakati ule akasema tezi dume yake ilikuwa na saratani iliyokwisha tembea mpaka kwenye mifupa. Bi Chujio, mke wa mwana, ndiye aliyemwosha mpaka siku ya mwisho. Mumewe hakuingia chumba kile ila mara chache. Alikuwa akisimama mlangoni, akatazama, akarudi kwenye mashine.

Mumewe huyo watu walimwita Mashudu, kwa yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya mafuta kutoka, ambayo wafugaji huyanunua kwake kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa amejaa makapi hayo kwenye nyusi, masikioni, kwenye mifuko. Mke wake wakamwita Bi Chujio kwa sababu hakuna mtu aliyejua kufunga kitambaa cha kuchujia kama yeye. Majina yao ya kweli yalibaki kwenye vyeti vya ndoa na kwa Mwenyezi Mungu.

Kiwanda chao kilikuwa chumba kimoja upande wa barabara. Mlangoni kulikuwa na meza ya chupa, katikati mashine yenye mkanda uliolia kama mtoto mwenye mafua, na nyuma, penye giza na ubaridi, mapipa ya kutuamishia. Mafuta yakitoka kwenye mashine huwa machafu, mazito, kama maji ya mto baada ya mvua. Ukiyauza hivyo yataoza na jina lako pia. Unayamimina kwenye pipa, unayafunika, unayaacha. Uchafu unashuka wenyewe. Ndipo unafungua bomba lililo chini, juu kidogo ya machicha, yaani uchafu ulioshuka, na mafuta yanakuja yaking'aa.

"Acha yatuame," Mashudu alipenda kusema. Aliwaambia wateja wenye haraka, na mashine ikichemka aliiambia. Walipogombana na majirani kuhusu kelele, alisema hivyo hivyo, na kweli ugomvi ukatuama. Mtu akikaa na neno moja maisha yake yote na likamfaa, hawezi kuona siku litakapokoma kumfaa.

Mafuta yaliyompa jina zaidi yalikuwa ya mbegu za maboga. Wanaume watu wazima walikuja kwa sauti ya chini, wakitazama nyuma kama wanaoiba. "Nipe yale ya wazee," walisema. Mashudu aliwajazia chupa bila kuuliza. Ilisemekana yanalainisha tezi, yanafungua njia, na mtu analala usiku kucha. Vijana waliosoma kwenye simu waliongeza kwamba mbegu zile zina asidi za mafuta zinazotakiwa na mwili. Mashudu hakujua asidi hizo ni nini, lakini jina lilikuwa na uzito mzuri.

Aliyeyasifu kuliko wote alikuwa rafiki yake, fundi cherehani wa duka la jirani, aliyeitwa Pindo. Pindo alikuwa mwembamba, mwenye utani, na mgongo ulioanza kupinda kwa kuinamia kazi.

"Mashudu," alisema siku moja akiegemea meza, "jana nimekojoa mpaka jirani akaenda kuanua nguo, akidhani mvua."

"Shemeji, mimi nipo hapa," Bi Chujio alisema kutoka nyuma ya mapipa.

"Najua upo, shemeji. Nataka uyasikie mazuri ya mumeo. Wewe unasikia mabaya tu."

Mashudu alicheka, lakini baada ya Pindo kuondoka alijimiminia kikombe kidogo cha mafuta yale, akakinywa amegeukia ukuta. Bi Chujio alimwona. Alimwona pia siku zilizofuata, na kikombe kikawa kikubwa. Usiku alikuwa akimsikia akitoka kitandani, akirudi, akitoka tena, na chooni ukimya mrefu ambao mtu mwingine angeuita kuomba dua.

Kisha usiku ukatulia. Mashudu akaacha kuamka. Bi Chujio alimshukuru Mungu kwa moyo wote, akasema hata mbegu ya boga ina kazi yake katika mpango wa Muumba. Alipoona mumewe ametandika gunia la nailoni chini ya shuka, upande wake, aliuliza.

"Mafuta yananitoka mwilini," Mashudu alisema. "Sitaki kuharibu godoro."

Aliamini. Ni jibu la mtu wa mafuta, kwa nini asiamini?

Sasa ameketi juu ya ndoo, suruali mkononi, na gunia lile likamjia akilini. Aliingia chumbani akainua shuka. Gunia lilikuwa limepanguswa vizuri, lakini nailoni haisahau. Harufu ilikuwa pale pale. Bi Chujio alilirudisha kama lilivyokuwa, akalainisha shuka kwa kiganja, akatoka nje kwa miguu ya polepole kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tangu hapo hofu ikahamia kwake ikawa mpangaji. Alimtazama mumewe akila na kuona anaacha chakula. Alimtazama akivaa viatu, akaona vifundo vimevimba, soksi imeacha mfereji. Alimwona akilegeza mkanda wa suruali ingawa mashavu yalikuwa yanazidi kubonyea. Jioni moja alijifanya anaondoa kapi kwenye shati lake, mkono ukapita juu ya tumbo, chini ya kitovu. Palikuwa pagumu, pameinuka, kama mtu amefunikiwa bakuli ndani ya ngozi.

"Baba watoto, hapa panauma?"

"Hapaumi kitu."

"Mbona pagumu?"

"Ni shibe."

"Shibe ya nini? Umeacha ugali nusu."

Mashudu aliuondoa mkono wake, si kwa hasira, kwa upole, kama anavyomwondoa mtu karibu na mkanda wa mashine. "Hapaumi, mke wangu. Kitu kisichouma ukikichokoza kitauma. Acha yatuame."

"Na nguo je?"

Alitazama meza ya chupa. "Wewe umeona nguo?"

"Nani mwingine anazifua?"

"Basi ni uzee. Mafuta yamefungua njia, imefunguka kupita kiasi, ndiyo maana inavuja. Itajirekebisha."

"Twende hospitali wakuangalie."

"Nikae kwenye benchi la wenye mkojo, mimi? Wateja wangu wote wapite waone? Muuza dawa ya mba mwenye mba kichwani, nani atanunua?" Akajaribu kutabasamu. Kisha akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mkewe: "Baba alipoingia hospitali hakutoka."

Hapo Bi Chujio alielewa kwamba wanaogopa kitu kimoja, kila mmoja kwenye kona yake. Alitaka kumwambia baba hakufa kwa kuingia hospitali, alikufa kwa kuchelewa. Lakini aliogopa kwamba wakienda wataambiwa neno lile lile, na maadamu hawajaambiwa, halijawa kweli. Aliomba akiwa anapepeta, aliomba akiwa anafunga vitambaa, na sala zake zikawa zinaanza vizuri na kukwama katikati, kwa sababu hakujua aombe apone au aombe akubali kwenda.

Jibu lilikuja kwa njia ya pipa.

Ilikuwa mchana wa kazi nyingi. Walikuwa wamekamua alizeti tangu asubuhi na Mashudu alikuwa akimimina kwenye pipa la mwisho kupitia tundu la kifuniko, huku bomba la chini likiwa wazi, yale yaliyotuama yaondoke kwenda kwenye dumu. Bi Chujio alikwenda kuangalia dumu akakuta halijai. Alisikia matone. Aliinama na kuona mafuta yakichuruzika ubavuni mwa pipa, yakishuka polepole, yakidondokea sakafuni. Yalikuwa yakitoka juu, kwenye ukingo. Bomba lilikuwa kavu. Machicha yalikuwa yamepanda yakaliziba, na pipa lilikuwa limejaa pomoni chini ya kifuniko, likimwaga kile kidogo tu kilichokosa nafasi.

Alisimama akitazama.

"Njoo uone," alisema.

"Nini?"

"Njoo, mzee mwenzangu."

Mashudu alizima mashine. Mkanda ukalia, ukanyamaza, na chumba kikawa kimya kuliko kilivyozoea. Alikuja akijipangusa mikono, akaona mafuta sakafuni, akatukana kidogo kwa mdomo uliofungwa na kuchukua waya wa kuzibulia.

"Subiri kwanza," mkewe alisema. "Niambie. Linavuja, sivyo?"

"Unaona linavuja."

"Basi limefunguka."

"Limefunguka wapi? Limeziba. Likivuja juu ndiyo ujue chini limeziba na limejaa. Kazi gani hii unaniuliza, na wewe umezeekea humu..."

Hakumaliza. Waya ulikuwa mkononi mwake. Bi Chujio aliona macho ya mumewe yakishuka kutoka kwenye pipa hadi kwenye tumbo lake mwenyewe, yakabaki hapo. Uso wake ukapauka, ukawa na rangi ya mashudu yaliyokauka.

"Pipa ukiliacha hivi," aliuliza Bi Chujio taratibu, "linatuama?"

"Linapasuka mshono," Mashudu alisema.

Walifunga mlango jua likiwa bado juu, jambo ambalo halijawahi kutokea kiwandani hapo ila siku ya msiba.

Mashudu alikataa zahanati ya karibu. Walipanda gari mpaka hospitali ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna amjuaye, naye akavaa kofia ya msimu wa baridi katika joto lile. Kwenye korido ya wagonjwa wa mkojo wanaume walikaa kwenye benchi refu, kila mmoja akitazama sakafu. Mwishoni alikaa mtu aliyevuta kofia mpaka puani. Amejificha uso wote, maskini, lakini alikuwa amesahau utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Shemeji," Bi Chujio alisema.

Kofia ikainuka. Pindo aliwatazama kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Nimemsindikiza jirani," alisema.

"Jirani yuko wapi?"

"Ameingia ndani."

Mlango wa daktari ulikuwa wazi na hakukuwa na mgonjwa ndani. Wote watatu waliona.

Mashudu alikaa karibu naye polepole, kama mtu mwenye yai mfukoni. "Pindo. Na mvua ile iliyomfanya jirani aanue nguo?"

Pindo aliushika utepe wake, akaanza kuuzungushia kidoleni. "Haikuwahi kunyesha, ndugu yangu."

"Mbona ulikuwa unasifu?"

"Ningesemaje? Kila nikija unanijazia chupa, unanitazama usoni ukingoja habari njema. Mwanzoni niliona nafuu kidogo. Au niliitaka tu. Baadaye ikawa aibu kurudi nyuma. Nikasema nisimvunje moyo, mafuta si sumu."

"Na mimi nimekunywa kwa maneno yako," Mashudu alisema. "Kila uliposema umepona, nilizidisha kikombe."

Walitazamana. Pindo alicheka kwanza, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika. Mashudu akamfuata. Bi Chujio alisimama mbele yao asijue awapige au awalilie. Kisha Pindo alijaribu kusogea ili ampishe akae, akashika kiuno na kufumba macho, na ndipo Bi Chujio alipoona kwamba ule mgongo wote waliokuwa wakiulaumia cherehani haukuwa ukiuma kama mgongo wa kazi. Mtu huyu alikuwa akitokwa na jasho kwa kusogea tu.

"Unauma tangu lini, shemeji?"

"Wa siku nyingi. Ni kushona."

Bi Chujio alikumbuka shuka za baba mkwe, na neno mifupa.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yao wa mwisho. Mashudu alipomwona alitaka kugeuka, mkewe akamshika shati kwa nyuma. Daktari alimgusa tumbo mara moja tu, akamwita muuguzi. Walimwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, ukabadilishwa, ukaanza kujaa tena, na Mashudu akiwa amelala anatazama dari machozi yakimtoka pembeni. Hakuwa na maumivu. Ni kwamba hakujua kumbe mwili wake ulikuwa umebeba mzigo ule wote.

"Figo zimesukumwa," daktari alisema. "Tutaziangalia. Nadhani zitarudi, mmekuja bado kuna nafasi. Damu tunapima, na tutachukua kinyama kwenye tezi."

"Ni saratani?" Bi Chujio aliuliza. Alishangaa neno lilivyotoka kirahisi.

"Sijui, mama. Tezi ikikua kwa uzee inaziba. Ikiwa na saratani nayo inaweza kuziba. Kwa nje zinafanana. Lazima tungoje majibu."

Mashudu alisafisha koo. "Daktari. Mafuta ya mbegu za maboga. Ndiyo yaliyoniharibu?"

"Hapana, baba. Unayanywa?"

"Nayakamua."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakucheka. "Ni chakula kizuri. Mafuta ya mbegu yana asidi za mafuta ambazo mwili haujitengenezei, mpaka uzile. Kwa moyo, mara nyingi ni bora kuliko mafuta ya nyama. Kwa tezi, wapo waliowapima watu wakaona nafuu kidogo ya kuamka usiku, wengine hawakuona tofauti. Mengine, kama ya mbegu za kitani, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini sijui mafuta yanayofungua njia iliyoziba hivi. Na hakuna yanayoweza kukwambia ndani kuna nini. Hilo ni la vipimo."

"Nimewauzia watu wengi," alisema Mashudu.

"Endelea kuwauzia, wayale. Waambie tu na kupimwa waje."

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Mashudu alitembea na mfuko umefungwa pajani, chini ya suruali pana aliyoshonewa na Pindo bila kuombwa. Mashine haikuwashwa. Bi Chujio aligundua kwamba kimya cha mashine ile kinamwogopesha zaidi ya kelele zake, akawa anaingia kiwandani kupangusa mapipa yaliyo safi. Aliomba kwa maneno mafupi sasa: Mungu, tusimame tutakapoambiwa. Zaidi ya hapo hakudiriki.

Waliambiwa. Tezi ya Mashudu ilikuwa kubwa, imekua kwa uzee, na katika kinyama kile saratani haikuonekana. Atapasuliwa njia ifunguliwe, na damu itapimwa tena kila baada ya muda. Mashudu aliuliza mara mbili kama wamemsomea majibu yake kweli, si ya mtu mwingine. Kisha, mlangoni, akauliza ya mtu mwingine.

"Ya mwenzako atayasema mwenyewe," daktari alijibu, na jinsi alivyoshusha macho, Bi Chujio aliona furaha yake ikikosa pa kukaa.

Pindo aliyasema mwenyewe, akiwa ameegemea meza ya chupa kama zamani, ila safari hii ameegemea kwa sababu hawezi kusimama wima. Ni saratani, na imefika mgongoni. Wameanza kumchoma sindano za kuizuia, na wamesema wapo wanaoishi nayo miaka.

"Ningekuja mapema," alisema, "ila nilikuwa napona kwa mafuta yako."

"Usifanye utani, Pindo."

"Nikiacha utani nitabaki na nini? Niambie tu ukweli, Mashudu, mara moja katika maisha yako. Yale mafuta yana kazi?"

Mashudu alifikiri. "Kwenye mboga ni matamu."

"Hilo hata mimi najua. Nijazie basi, ya mboga."

Mashudu alijaza mpaka kijani kikamwagika mezani, naye hakupangusa.

Mashine inafanya kazi tena siku hizi. Akija mwanamume mwenye sauti ya chini na kusema anataka yale ya wazee, Mashudu hashiki chupa. Huuliza kwanza, mbele ya watu, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kelele za mkanda: "Umepimwa?" Wengine hukasirika, huondoka na kwenda kununua pengine. Mmoja alimwambia hiyo ni biashara ya kujifukuzia wateja. Lile neno lake la kutuama sasa analitumia kwa mapipa tu.

Na Bi Chujio anafua. Suruali ya mumewe ikiwa na doa, huianika juani kabla ya kuitia sabuni, kisha huketi juu ya ndoo na kutazama. Jua linapanda. Yeye anangoja aone kama doa litatanda au litakauka, midomo ikicheza kwa sala, na mpaka lijulikane hanyanyuki pale.